Zimwi ni Nani? Kupenda Hadithi za Kutisha Wakati Siasa Inatisha

Mpenzi wa filamu za kutisha hulijua swali hili vizuri, na huulizwa zaidi mwaka wa uchaguzi au wiki ambayo vijana wamepigwa risasi barabarani: vitisho vya kweli vimejaa tele, vya bandia unavitafutia nini? Wanaouliza huwa ni watu wanaotupenda, mama, kaka, shemeji. Wanaona kwamba mtu anayetazama mazombi usiku uleule ambao majina ya waliotoweka yanasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ama amekufa ganzi ama anayakimbia ya ulimwengu. Swali lao ni la haki na linastahili jibu kamili. Jibu ninalolijua linaanzia mwaka 1954, kwa sababu mwaka huo hofu ya kwenye karatasi na hofu ya serikalini zilikutana uso kwa uso, Marekani, Uingereza na hata Nairobi.

Jumatano tarehe 21 Aprili 1954, kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa watoto ilikaa New York kusikiliza habari za vitabu vya katuni. Mmoja wa mashahidi alikuwa William Gaines, mchapishaji wa miaka 32. Baba yake alikufa kwa ajali ya boti mwaka 1947 akamwachia kampuni iitwayo EC, iliyokuwa ikichapisha, pamoja na mengine, hadithi za Biblia kwa picha. Mwaka 1950 Gaines na mhariri wake Al Feldstein wakaanza kutoa katuni za kutisha, maarufu kuliko zote ikiwa Tales from the Crypt. Maiti zilifukuka makaburini kulipiza kisasi, waume waliwaua wake zao kwa ajili ya urithi wakaishia pabaya, na kila hadithi iliongozwa na msimulizi mzee mwenye uso wa kuoza. Watoto walizinunua kwa senti 10.

Seneta Estes Kefauver aliinua jalada moja mbele ya Gaines: mwanamume ameshika shoka mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamuuliza kama jalada hilo lina adabu. Gaines akajibu kwamba kwa katuni ya kutisha, ndiyo. Lingekosa adabu kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi hata damu ikaonekana ikichuruzika. Kesho yake majibizano hayo yalikuwa kwenye magazeti nchi nzima, na biashara yake ikaanza kufa.

Kesho hiyo hiyo, tarehe 22 Aprili, mjini Washington, vikao vingine vya Seneti vilifunguliwa mbele ya kamera za televisheni: mgogoro kati ya Seneta Joseph McCarthy na Jeshi la Marekani. Kwa miaka minne McCarthy alikuwa akiwaambia Wamarekani kwamba wakomunisti wamejificha miongoni mwao, wizarani, jeshini. Waalimu, waandishi na watumishi wa umma walipoteza kazi kwa kutajwa tu katika wimbi lile la tuhuma. Itazame hadithi aliyoiuza na utaona ni hadithi ya kutisha kwa umbo lake lote: adui ana sura kama yako, anaongea lugha yako, anakaa nyumba ya jirani, na usipomgundua leo atakumeza kesho. Tofauti na katuni za Gaines, hii haikuwa na ukurasa wa mwisho.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Hadithi ya kutisha na siasa ya nyakati za dhiki zinafanya kazi kwa mali ghafi ileile, yaani hofu, na kila moja inataka kumwambia msikilizaji nani wa kuogopwa. Mwenye madaraka anapoishiwa majibu ya bei za vyakula na ajira, huanza kusimulia habari za zimwi. Kwa hiyo mchora katuni anayesimulia zimwi lingine, mahali pengine, anakuwa mshindani wake sokoni.

Na mazimwi ya EC yalikuwa mahali pasipotakiwa kabisa. Wachambuzi wengi huishia kwenye damu, wakasahau hadithi zenyewe zilisema nini. Katika katuni moja ya mwaka 1952, umati wa watu kwenye gwaride unampiga mtu hadi kufa kwa sababu hakuvua kofia bendera ilipopita. Baadaye wanagundua alikuwa askari aliyepofuka vitani. Nyingine zilihusu watu weusi waliouawa bila hatia huku polisi wakishiriki au wakitazama. Fikiria mtoto wa miaka 12 anasoma hayo katika miaka ileile ambayo shuleni anafundishwa kujificha chini ya dawati bomu la nyuklia likija na kuwatilia shaka wenye mawazo tofauti. Katuni ya senti 10 inamwambia kwamba umati wenye uhakika ndio wa kuogopwa kwanza.

Serikali kuu ya Marekani haikupitisha sheria ya kuzipiga marufuku. Haikuhitaji. Mwaka huohuo wa 1954 wachapishaji wenyewe, kwa woga, waliunda chombo cha kujidhibiti kilichoitwa Comics Code Authority, na maduka mengi yakakataa kuuza katuni isiyo na muhuri wake. Kanuni zake zilikataza maneno ya kutisha kwenye vichwa vya majarida, zikafuta maiti zinazotembea, wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu. Hayo ndiyo hukumbukwa. Mimi huwa narudia kifungu kingine, kile kinachosema kwamba polisi, majaji, maofisa wa serikali na taasisi zinazoheshimiwa wasionyeshwe kamwe kwa namna ya kuvunja heshima ya mamlaka. Kanuni zilizoandikwa kwa jina la kuwalinda watoto na mazombi zikawalinda pia majaji na polisi.

Ushahidi wa jinsi zilivyotumika uko katika mkasa wa hadithi moja ya anga za mbali. Mjumbe kutoka Duniani anafika kwenye sayari ya maroboti kuamua kama wako tayari kujiunga na mataifa ya anga. Anakuta maroboti ya rangi ya chungwa yanayabagua ya buluu, ilhali ndani yametengenezwa kwa vyuma vilevile. Anawakatalia. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake ya angani, naye ni mtu mweusi, jasho likimetameta kama nyota. EC ilipotaka kuichapisha upya mwaka 1956, mkuu wa kanuni aliagiza mtu huyo asiwe mweusi. Gaines alikataa, akatishia kulipeleka jambo hilo hadharani, na hadithi ikatoka kama ilivyo. Lilikuwa jarida lake la mwisho la katuni za aina hiyo; alibaki na Mad, jarida la vichekesho, peke yake.

Ingekuwa rahisi kumfanya Fredric Wertham, daktari wa akili ambaye kitabu chake cha mwaka huo wa 1954 kilichochea hasira za wazazi, kuwa mwovu wa simulizi hii. Sikubali. Wertham alifungua kliniki Harlem mwaka 1946, katika orofa ya chini ya jengo la kanisa, akiwatibu watu weusi kwa senti 25 wakati hospitali nyingi hazikuwataka, na utafiti wake juu ya madhara ya ubaguzi mashuleni huko Delaware ulitumika katika kesi zilizounganishwa na ile iliyofikisha hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 17 Mei 1954 dhidi ya shule za kibaguzi. Alikuwa mtu wa haki aliyewaona watoto wanaumia, akatafuta kinachowaumiza, akaangukia kilichokuwa karibu na mkono. Miaka mingi baadaye mtafiti Carol Tilley alizipekua karatasi zake na kuonyesha kwamba alibadilisha na kuchanganya maelezo ya watoto aliowahoji ili yaafiki hoja yake. Mtu mwema pia anaweza kushikwa na hofu ya wakati wake hadi akaipotosha kweli, nami naona jambo hilo linatisha kuliko jalada lolote la Gaines.

Sasa tuvuke bahari. Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, siku tatu baada ya Gaines kutoa ushahidi, jeshi la Uingereza liliizingira Nairobi alfajiri kuwasaka Mau Mau, waliopigana na ukoloni. Operesheni hiyo iliitwa Anvil. Nyumba kwa nyumba, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia vizuizini. Namna ya kuwachagua ndiyo ninayotaka uitazame: watu walipitishwa mstarini mbele ya mtoa taarifa aliyefunikwa gunia kichwani, matobo mawili ya macho, naye alitikisa kichwa kusema ndiyo au hapana. Wakikuyu waliwaita gakunia. Hakuna mwandishi wa katuni aliyebuni sura hiyo. Ilibuniwa na ofisi.

Miezi mitano baadaye, Septemba 1954, huko Glasgow, mamia ya watoto walivamia makaburi ya Southern Necropolis na visu na fimbo kumsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma, aliyesemekana kula wavulana wawili. Hakuna mtoto aliyepotea. Lawama ikaenda kwa katuni za Kimarekani, ingawa zimwi lenye meno ya chuma limo katika Kitabu cha Danieli na katika mashairi ya kienyeji waliyosomeshwa watoto wale. Mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia machapisho yanayodhuru watoto. Wakati huohuo, katika koloni, taifa hilohilo lilikuwa likiwanyonga watu. Hadi hali ya hatari inakwisha Kenya walionyongwa walikuwa 1,090. Walowezi wa Kizungu waliouawa na Mau Mau walikuwa 32. Bado magazeti ya London yaliwachora Mau Mau kama mazimwi ya msituni wanaokunywa damu kwenye viapo. Nakumbushia takwimu hizi kwa sababu zinaonyesha kazi ya hadithi ya kutisha inaposhikwa na mwenye bunduki: inampa zimwi sura ya mnyonge.

Wanyonge nao walikuwa na hadithi yao. Tangu enzi za mwanzo za ukoloni watu wa Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto: watu wa sare, wenye gari la serikali, wanaowakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliitwa banyama, Kongo ya Wabelgiji batumbula. Maofisa wa kikoloni walicheka, wakaandika kwamba ni ujinga wa washenzi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alichagua kuzisoma kama ushahidi. Aliuliza watu hawa wanasema nini kuhusu kazi, kodi, hospitali na polisi, pale ambapo hawana gazeti wala bunge la kusemea. Ukiifikiria hivyo, mumiani ni maelezo ya serikali yaliyotolewa na watu waliolipa kwa miili yao. Bibi aliyemtisha mjukuu wake kwa gari la zimamoto alikuwa akimfundisha somo la uraia.

Lakini hapo hapo pana shimo, na sisi wapenzi wa hadithi hizi hatuna budi kulitazama. Mwaka 1995 Popobawa, zimwi la usiku, alianza kuvuma Pemba, akaja Unguja, akafika hadi Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa, kwa kuogopa kuvamiwa ndani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe. Oktoba yake Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF, matokeo yaliyoacha kidonda kirefu. Wazee wa Pemba walikumbuka kwamba kitu hicho kiliwahi kuwajia pia miaka ile baada ya Mapinduzi ya 1964. Wapo waliosema Popobawa ni siasa tupu, wapo waliokataa kabisa, na mimi siwezi kuibana hofu ya visiwa vizima katika sababu moja. Lililo wazi ni hili: mjini Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili ukiamini ndiye Popobawa.

Hadithi inayotaka kuaminiwa na hadithi inayotaka kusikilizwa hufanana sana usiku wa giza. Ile ya kusikilizwa ina mpaka: jalada, skrini, paukwa na pakawa. Msikilizaji anaingia kwa hiari na anatoka akiwa na mikono mitupu. Ile ya kuaminiwa haina mlango wa kutokea, na mapema au baadaye inadai mwili wa mtu aliye hai. Ndiyo maana simlinganishi anayetazama maiti za bandia na anayesambaza picha ya jirani yake akimwita msaliti. Wa pili ndiye aliyepotelea ndani ya hadithi.

Zanzibar ilituonyesha pia jinsi lugha ya filamu inavyookoa pale majina halisi yanapokuwa hatari kutajwa. Kati ya uchaguzi uliofutwa Oktoba 2015 na ule wa marudio Machi 2016, watu waliofunika nyuso walizunguka mitaani wakipiga watu, na wakazi wakawaita mazombi. Bara tukawa na wetu, watu wasiojulikana. Huwezi kumshtaki zombi, lakini ukimwita hivyo kila mtu barazani anajua unamsema nani, na kumbe hofu ikishapewa jina inaweza kujadiliwa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga. Nami naona kulijua wewe pia kunakuachia kipande.

Kuchora ni hatari zaidi kuliko kuita jina, kwa sababu picha haihitaji kusoma. Argentina ilimpoteza Héctor Germán Oesterheld, mwandishi wa katuni ya theluji yenye sumu inayoidondokea Buenos Aires na wakazi wanaoungana kupambana na wavamizi. Alitekwa mwaka 1977 chini ya utawala wa kijeshi, na binti zake wote wanne walitoweka pia. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Desemba 2024, mchoraji Gideon Kibet, anayejulikana kama Kibet Bull, alitoweka baada ya michoro yake ya kivuli iliyomhusu rais wa Kenya kusambaa sana mitandaoni. Aliachiwa Januari 2025 baada ya kelele kubwa za umma.

Turudi kwa yule shemeji na swali lake, maana anahusika zaidi na afya yangu kuliko historia. Je, mtu anayejitia hofu jioni hajiongezei mzigo? Watafiti wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walilichunguza hilo miezi ya mwanzo ya korona, wakawahoji Wamarekani zaidi ya 300. Wapenzi wa filamu za kutisha walieleza kuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wengine. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayathibitishi kwamba filamu ndizo zilizowasaidia. Huenda watu wa namna hiyo huzipenda filamu hizo tangu awali. Hata hivyo maelezo yao yanaingia akilini: mtu anajizoeza kuhisi moyo ukidunda, kubaki amekaa, kungoja, kutulia. Habari za siasa zinakunyima kungoja na kutulia. Zinaingia kwenye simu asubuhi, hazina mwanzo, hazina mwisho, wala hazikuulizi kama uko tayari. Filamu ya dakika 90 inakupa hofu yenye kipimo, kama chumvi mkononi mwa mpishi anayejua chungu chake.

Si kila siku inafaa, lakini. Aliyetoka kumzika mtu, au aliyepigwa na askari wiki iliyopita, asilazimishwe kukaa mbele ya maiti za bandia na marafiki wanaodai ni tiba. Na ziko filamu ambazo mimi sizipi muda wangu katika nyakati hizi, zile ambazo kila mara zimwi ni mgonjwa wa akili, au bibi kizee wa kijijini, au mgeni aliyehamia mtaa. Katika nchi ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, ustadi wa kamera hautoshi kunishawishi kwamba filamu ya namna hiyo haina hatia.

Nani zimwi, na nani kabaki ndani ya nyumba: kwa maswali hayo mawili naipima filamu yoyote ya aina hii. Mfano wangu mkubwa ni Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotoka Oktoba 1968. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shamba, maiti zimeizunguka, na anayewaongoza kwa akili timamu ni Ben, mtu mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Ndani ya nyumba wanagombana hadi wanaangamizana. Mazombi hayahitaji kufanya kazi kubwa. Ben anaokoka usiku. Asubuhi kundi la polisi na raia wenye bunduki linafika, linamwona dirishani, linampiga risasi likidhani ni zombi. Romero alisimulia kwamba alikuwa garini akiipeleka filamu New York alipoisikia redioni habari ya kuuawa kwa Martin Luther King.

Miaka 49 baadaye, 2017, Jordan Peele aliufikia mlango huohuo katika Get Out. Kijana mweusi ametoka mzima kwenye nyumba ya Wazungu waliotaka kuuiba mwili wake, amesimama barabarani kati ya majeruhi, taa za polisi zinawaka. Katika mwisho wa kwanza uliopigwa picha, anakamatwa na kufungwa. Peele aliubadilisha: gari ni la rafiki yake aliyekuja kumchukua. Alieleza kwamba alipoanza kuandika alitaka kuwaamsha watu waliodhani ubaguzi umekwisha, lakini filamu ilipokamilika mauaji ya watu weusi mikononi mwa polisi yalikuwa mada ya kila siku, na watazamaji walihitaji shujaa anayeokoka. Hakuna anayeweza kusema mmoja wao alikosea. Romero alitazama 1968 akasema ukweli wake. Peele alitazama watu wake wamechoka akawapa pumzi.

Mwaka huu mimi naegemea kwa Romero. Tumeshazoea mno kusikia kwamba aliyeuawa alidhaniwa mhalifu, na filamu ile inaikataa sentensi hiyo kwa zaidi ya dakika 90, ikitufanya tumjue Ben kabla ya wao kumdhania. Kuipata ni rahisi na halali, kwa kuwa wasambazaji walipobadilisha jina lake walisahau kurudisha alama ya hakimiliki, hivyo iko huru kwa kila mtu mtandaoni. Mwiteni yule shemeji muitazame pamoja, na majina ya waigizaji yakianza kupita msiizime: chini yake kuna picha mnato zenye chengachenga kama za magazetini, za wanaume na ndoano wakimburuta Ben kwenda kwenye kuni, na hapo kila mmoja mwulize nani alikuwa zimwi.